Filamu Tatu za The Lord of the Rings kwa Siku Moja Hapa Mtwara: Mwongozo Kamili kwa Wanaoishia Njiani

Karibu kila anayenisimulia alivyojaribu kutazama filamu zote tatu kwa siku moja, awe wa Shangani, Chikongola, Mikindani au Lindi mjini, hadithi yake inakwama palepale. Umeme ulikatika. Maandishi ya chini yalianza kukimbizana na maneno. Au ilipofika saa 3 usiku nusu ya watu walikuwa wanakoroma kwenye mkeka na nusu wameshapanda bodaboda. Frodo, shujaa wa hadithi anayebeba Pete ya uovu, yuko njiani kwenda Mordor, nchi ya adui; wao wako njiani kwenda kulala.

Kosa ni moja tu. Watu huandaa asubuhi: chai, maandazi, picha za ukutani. Saa ya mwisho haiandaliwi na mtu, wakati filamu ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote. Hapa tutaanzia mwisho. Chaji ya betri, chakula kizuri na uvumilivu wa wenye nyumba, vyote vinawekwa akiba kwa ajili ya filamu hiyo ya tatu, The Return of the King.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

- Filamu tatu za toleo moja, halali, zilizojaribiwa
- Flashi ya GB 64 au hard disk ndogo, na ya akiba ikipatikana
- Televisheni (inchi 32 inatosha watu 8 sebuleni)
- Sabufa ya kawaida na waya wake
- Laptopu yenye VLC (programu ya kuchezea video), hata kama hutarajii kuitumia
- Betri ya volti 12 yenye Ah 100 (amp-saa, kipimo cha akiba ya betri), na inveta ya wati 300 au zaidi
- Eksitensheni nzima, isiyocheza ukiigusa
- Mikeka, mito, kanga au shuka nzito za dirishani
- Karatasi ya manila na makapeni
- Chakula (hatua ya 7)

Betri na inveta ndivyo watu huviruka. Usiviruke. Kama huna, tafuta jirani mwenye sola umuombe mapema.

## Hatua ya 1: Chagua toleo, na msibadilishe katikati

Toleo la sinema, yaani lile lililoonyeshwa kwenye kumbi, lina dakika 178 kwa filamu ya kwanza (2001), 179 kwa ya pili (2002) na 201 kwa ya tatu (2003). Jumla ni saa 9 na dakika 18. Toleo refu linaongeza kama nusu saa kwenye ya kwanza na karibu dakika 50 kwa kila moja ya zilizobaki, kwa hiyo mnapita saa 11. Hapo bado hamjala, hamjaswali, hamjanyoosha miguu.

Msimamo wangu: kama kuna hata watu wawili ambao hawajawahi kuziona, wekeni la sinema. Najua wakongwe watanuna. Toleo refu lina mambo ya thamani, mojawapo ni mwisho wa mchawi Saruman, ambao filamu ya tatu ya sinema haiuonyeshi kabisa. Lakini mgeni hajui anachokikosa. Anajua tu kwamba mgongo unamuuma.

Kuchanganya matoleo, moja refu na nyingine ya sinema, kunaharibu ratiba na maandishi ya chini kwa pamoja.

## Hatua ya 2: Chagua siku

Jumamosi, na isiwe ya mechi ya Simba na Yanga. Hili halina mjadala.

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti. Kusi inavuma, joto limepungua, na mnaweza kukaa bila feni. Utaona kwenye hatua ya 5 kwa nini feni ni suala zito. Desemba hadi Aprili epuka kama nyumba ni ya mabati na haina dari: mvua ikishuka, hata wakipiga kelele majeshi yote ya Mordor hamtasikia kitu. Oktoba mpaka Desemba ni korosho. Rafiki zako wenye mashamba Newala na Tandahimba hawatakuja, na wakija mawazo yatakuwa mnadani.

Ulizia pia mtaani. Kama kuna ngoma ya unyago nyumba ya tatu, ahirisha. Hakuna sabufa inayoshindana na ngoma ile, na pengine na wewe umealikwa.

## Hatua ya 3: Omba sebule kwa saa kamili

Wengi tunaishi na wazee, au tunatumia sebule ya dada na shemeji. Watu huomba "tunataka kuangalia muvi Jumamosi", wanaruhusiwa, halafu saa 2 usiku baba anaingia anataka taarifa ya habari, na mama alikuwa anasubiri tamthilia yake tangu saa 1. Siku imeishia hapo, na wenye makosa ni ninyi.

Taja muda wote mapema: "Shikamoo mama. Jumamosi tunaomba sebule, mimi na wenzangu saba. Tunaanza saa 2 asubuhi, tunamaliza kabla ya saa 6 usiku. Chakula tunapika wenyewe na vyombo tunaosha." Kisha zungumzia tamthilia kabla yeye hajaikumbuka. Wengine huazima televisheni ndogo ikawekwa chumbani kwa wazee, wengine humnunulia mama bando aangalie kwenye simu. Bando ni rahisi kuliko ugomvi.

Umefanikiwa pale mwenye nyumba atakapoweza kukutajia yeye mwenyewe saa mtakayomaliza.

## Hatua ya 4: Andaa mafaili, na yajaribu kutokea mwisho

Ifanye siku tatu kabla. Ijumaa usiku ni kuchelewa.

Chanzo. Nunua nakala halali. Ukiletewa DVD na ndugu aliyeko nje, angalia namba ya kanda nyuma ya kasha. Tanzania iko kanda ya 5, Ulaya ni ya 2, Marekani ni ya 1, na deki nyingi hukataa diski ya kanda nyingine. Ukikodi mtandaoni, soma masharti: mara nyingi muda huanza kuhesabika unapobonyeza kucheza, kwa hiyo usifungue "kuonja" Alhamisi. Na kama mnafikiria kutoza kiingilio, hilo si jambo la marafiki sebuleni tena. Ni onyesho la hadhara, na lina vibali vyake.

Flashi. Faili la filamu ya saa 3 au 4 lenye picha nzuri mara nyingi huzidi GB 4. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi hapo, hata kama ina nafasi tele. Ukiambiwa faili ni kubwa mno, tatizo ni hilo. Ipange upya kwa exFAT au NTFS, ukikumbuka kwamba vilivyomo vyote vitafutika. Kisha hakikisha televisheni yenu inausoma mfumo uliochagua. Za zamani nyingine hazisomi exFAT.

Picha ipo, sauti hakuna. Sauti ya aina ya DTS ndiyo inayosumbua, televisheni nyingi haziichezi. Tafuta faili lenye sauti ya AAC au AC3, au chezeshea kwenye laptopu uunganishe kwa HDMI. Kinyume chake, ukisikia sauti huku skrini ni nyeusi, huenda picha imebanwa kwa H.265 na televisheni inajua H.264 peke yake. Dawa ni ileile ya laptopu.

Maandishi ya chini. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Faili la maandishi liwe na jina sawasawa na la filamu, herufi kwa herufi, na vikae folda moja. Likiwa la toleo refu na filamu ni ya sinema, litaanza vizuri kabisa. Mtashangilia. Kisha litafika kwenye onyesho ambalo filamu yenu haina, na kuanzia hapo Gandalf anaongea, maandishi ni ya Pippin. Tofauti inaongezeka kila onyesho lililoongezwa.

Ikiwa maandishi yamechelewa au kuwahi kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, VLC inarekebisha: bonyeza H kuyachelewesha, G kuyawahisha. Ikiwa pengo linakua kidogo kidogo, au linaruka ghafla, usihangaike na vitufe. Tafuta faili jingine linalolingana na toleo lenu.

Angalia pia sehemu ambazo Arwen na Aragorn wanazungumza Kielfu, lugha ya jamii ya Elf. Maneno hayo yanatakiwa kutafsiriwa chini ya picha hata pale maandishi mengine yamezimwa. Kuna nakala zimeyapoteza. Mashabiki wamekariri, mgeni atabaki anatazama midomo.

Jaribio lenyewe. Kwenye televisheni ileile, kwa flashi ileile, fungua kila filamu na tazama dakika kumi za mwisho, halafu za katikati, halafu za mwanzo. Kwa mpangilio huo. Faili lililokatika wakati wa kunakili hucheza mwanzo bila shida na kugoma huko mbele. Flashi feki, inayojitangaza GB 64 wakati ina 8, inakudanganya namna hiyohiyo. Ukiona mistari ya mwisho ya filamu ya tatu inapita na maneno yanakwenda na midomo, funga laptopu ukalale.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya umeme

Usiulize kama umeme utakatika. Panga kana kwamba utakatika saa 2 na nusu usiku.

Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Kama ni ya asidi, usiitumie chini ya nusu, utaiua. Zimebaki 600. Inveta nayo inakula kidogo, kwa hiyo hesabu 500 za kutumia.

Televisheni ya LED ya inchi 32 inakula kama wati 50. Sabufa kwa sauti ya kawaida weka 40. Jumla 90. Gawanya 500 kwa 90: mna saa 5 na nusu hivi. Filamu ya tatu ya toleo refu ni saa 4 na dakika 10 au zaidi kidogo. Inaingia.

Sasa ongeza feni ya kusimama ya wati 50. Mnafika 140, na betri inawapa saa 3 na nusu. Inazimika wakati Sam anambeba Frodo mgongoni. Laptopu ikichomekwa kwenye inveta inafanya uharibifu uleule, ndiyo maana nasisitiza flashi ichezwe moja kwa moja kwenye televisheni. Projekta ya kawaida ya wati 250? Saa 2. Isahau, labda muwe na jenereta.

Kanuni: umeme ukikatika filamu ya kwanza au ya pili, subirini hadi nusu saa kabla ya kugusa betri. Filamu ya tatu, washeni inveta papo hapo.

Ijumaa jioni chaji betri mpaka ijae, kisha zima swichi kuu na tazameni chochote nusu saa kwa inveta. Baadhi ya inveta za bei ndogo huifanya sabufa ingurume. Bora ungurumo uujue Ijumaa. Angalia na LUKU. Televisheni na sabufa kwa saa 15 hazifiki uniti 2, lakini nyumba ina friji na pasi pia, kwa hiyo zisiwe chini ya 10.

Wenye jenereta: ikae nje, mbali na madirisha, isiwekwe barazani wala kwenye korido. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

## Hatua ya 6: Ratiba inayofuata adhana

Ratiba za mapumziko "kila baada ya saa mbili" hazidumu mtaani kwetu. Saa ya Alasiri watu watanyanyuka tu, mpende msipende. Ifanyeni sala iwe ndiyo mapumziko yenyewe, na wasioswali wapate muda wa maji na choo. Kwa toleo refu:

- Saa 1:30 asubuhi: watu wanafika, chai. Waambie saa 1, watafika saa 1 na nusu.
- Saa 2:00: filamu ya kwanza. Simameni dakika 10 baada ya kikao cha Elrond, pale wale wasafiri tisa wanapopewa jina lao. Ni kama saa 1 na dakika 45 tangu mwanzo, na hata diski za toleo refu zimekatwa hapohapo.
- Saa 5:40: chakula cha mchana, kisha Adhuhuri.
- Saa 7:15 mchana: filamu ya pili. Alasiri itaingia kabla vita vya Helm's Deep havijapamba moto, na hapo ndipo pazuri pa kusimama.
- Saa 11:20 jioni: mmemaliza. Tokeni nje kabisa. Ogeni. Sebule ifagiliwe na madirisha yafunguliwe.
- Saa 12:50, baada ya Magharibi: filamu ya tatu. Isha itawakuta ndani ya saa ya kwanza. Simamisheni dakika 20.
- Saa 5:25 usiku: mwisho.

Kuna wanaopendekeza kusubiri Isha ipite ndipo ya tatu ianze. Sikubaliani. Mtamaliza baada ya saa 6, mmevunja ahadi kwa mama, na wa Naliendele watatafuta bodaboda usiku wa manane.

Kwa toleo la sinema anzeni saa zilezile. Mapumziko yatakuwa marefu zaidi, na mtamaliza kabla ya saa 5 usiku.

## Hatua ya 7: Chakula kizuri kiwe cha usiku

Mchana msile wali wa nazi. Wali, joto na mkeka, halafu unategemea mtu awe macho akisikiliza Treebeard, ule mti unaoongea, anavyovuta maneno? Mchana wekeni ming'oko ya kuchemsha na chumvi na pilipili, samaki wa kukaanga, matunda. Ming'oko inakulika taratibu, mtu anamenya huku anatazama, mikono haina muda wa kushika simu.

Pweza, chapati na mchuzi vingoje mapumziko ya Isha. Watu wakijua kuna pweza, hawaagi saa 12. Kahawa chungu na kashata zitoke baada ya hapo, na korosho za kukaanga zibaki bakulini hadi mwisho.

Sasa utundu wa mashabiki. Lembas, ule mkate wa jamii ya Elf ambao kipande kimoja kinamshibisha mtu mzima, tengenezeni kwa mkate wa ufuta. Ufuta wa Lindi na Mtwara haupungui. Kata pembe nne, funga kwa jani la mgomba lililopashwa moto kidogo ili lisichanike, kaza kwa uzi wa jani hilohilo. Vigawe filamu ya pili inapoanza, kimoja kwa kila mtu. Na Sam anapomfundisha Gollum habari za viazi, sinia la viazi vya kukaanga liingie mlangoni. Anayekaanga apewe ishara dakika 20 kabla.

## Hatua ya 8: Wasaidie wageni bila kuwaharibia

Chora ramani rahisi kwenye manila, bandika pembeni ya televisheni: Shire, Rivendell, Moria, Rohan, Gondor, Mordor. Chini yake andika mistari miwili. Sauron ni mwenye Pete, na anaonekana kama jicho. Saruman ni mchawi mzee mwenye nguo nyeupe. Majina hayo mawili yamewapoteza watu wengi kuliko mapango ya Moria. Ongeza kwamba Strider na Aragorn ni mtu mmoja.

Dakika za mwanzo za filamu ya kwanza, Galadriel anaposimulia Pete ilikotoka, kila mtu awe amekaa. Anayekosa hapo atauliza maswali mpaka jioni.

Kila kundi lina yule anayejua kila kitu na anatangaza nani anakufa kabla hajafa. Mpe rimoti. Ukimkabidhi kazi ya kusimamisha, kuendeleza na kulinda sauti, mdomo unapungua. Sauti nayo inahitaji mtu: mazungumzo yako chini, vita viko juu, na saa 4 usiku majirani wamelala. Kwenye sabufa punguza besi kabla ya kupunguza sauti yote, maneno yatabaki yanasikika.

Wapo wanaotaka mtu atafsiri juu kwa juu kama kwenye mabanda ya video. Inachekesha, lakini maneno ya wahusika yanafunikwa. Afadhali shabiki mmoja aeleze kwa ufupi wakati wa mapumziko.

## Hatua ya 9: Ivusheni filamu ya tatu

Kabla ya kubonyeza, kagua: betri imejaa, simu zote ziko kwenye chaji chumba kingine, milango imefungwa mbu wasiingie, na anayeondoka mapema ameshaaga ili asiwainue wengine katikati.

Saa ya pili ndiyo ngumu. Mtu akianza kusinzia, mbadilishe mahali, asikae tena anapoegemea ukuta. Kahawa itoke hapo, si mwanzoni.

Pete ikishateketea, wageni watadhani imeisha na wataanza kutafuta viatu. Kuna zaidi ya robo saa bado, na picha itafifia kuwa nyeusi mara kadhaa. Usiruhusu taa iwashwe. Waambie mapema, wakati wa Isha: "Haijaisha mpaka wimbo uanze." Wimbo huo ni Into the West wa Annie Lennox, uliopata Oscar, mojawapo ya 11 ambazo filamu hii ilishinda katika vipengele vyote 11 ilivyoteuliwa. Umefaulu kama watu wale uliowahesabu saa 12:50 bado wapo wimbo unapoanza na hakuna anayekuuliza nani alikuwa Saruman.

Mtu mmoja atasema muongeze The Hobbit. Si usiku huo, wala Jumapili yake. Zile tatu za 2012, 2013 na 2014 kwa toleo la sinema hazifiki saa 8, kwa hiyo zinaingia vizuri kwenye Jumamosi nyingine. Lakini mafaili ni mapya: rudi hatua ya 4, jaribu kutokea mwisho, na betri iwe kwenye chaji tangu Ijumaa.